Injini imetoka ovahoo na inavuja oili: gasketi ya dukani, ya kukata kwa mkono au gundi?

Injini ilishushwa Jumatatu. Bloku ikachongwa, pistoni mpya ikaingia na ringi zake, Jumatano pikipiki ikarudi kijiweni. Ijumaa asubuhi dereva anaisogeza kutoka ukutani, anakuta chini doa jeusi, upana wa kifuniko cha soda. Anapiga simu: "Fundi, mbona chombo kinamwaga oili na tumeshafungua kila kitu?" Fundi mwenye foleni ya kazi ana jibu moja: ilete tuipige gundi.

Nashika spana Morogoro, na kazi yangu kubwa ni injini za mtindo wa CG, zile za Kichina za 125 na 150 zinazofuata ramani ya Honda CG125 ya miaka ya 1970, pamoja na Boxer za Bajaj. Hiyo gundi nimeshaipiga. Nimeshakata gasketi kwa mkono saa mbili usiku kwa tochi ya simu, na nimeshaagiza seti kamili Kariakoo nikasubiri basi la kesho yake. Njia zote tatu zinaweza kuzuia oili isitoke nje. Tofauti yake iko ndani, mahali ambapo mteja haoni, na ndiyo ninayotaka tuiangalie kabla hujaamua pesa yako iende wapi.

## Doa liko chini, chanzo kiko juu

Oili ikitoka hushuka, na pikipiki ikikimbia upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo panapodondokea si panapovujia. Nilishapokea pikipiki iliyofunguliwa kava la magneti mara tatu na mafundi wawili tofauti, kila mara gasketi mpya. Oili ilikuwa ikitokea juu kabisa, kwenye kava la tapeti, inateremka katikati ya mapezi ya bloku kama mchwa kwenye ukuta, inajikusanya chini ya magneti. Gasketi tatu zilikwenda bure.

Namna ya kupajua haina gharama. Osha injini kwa dizeli na brashi, kisha sabuni, suuza, ikaushe kwa upepo wa fundi pancha mpaka ndani ya mapezi. Nyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio yote: hedi na bloku, bloku na mwili wa injini, makava ya pembeni, nyuma ya sproketi ndogo, shafti ya gia, shafti ya kiki. Iwashe dakika tano ikiwa imesimama, halafu iendeshe dakika kumi. Rudi uchungulie kwa tochi. Poda nyeupe imegeuka kuwa mstari mweusi. Fuata mstari kwenda juu na mbele mpaka unapoishia. Hapo ndipo.

Kabla ya kulaumu gasketi yoyote, pima vitu viwili. Cha kwanza ni kiwango cha oili. Kwenye CG kijiti cha kupimia hakikazwi wakati wa kupima, kinatumbukizwa tu pikipiki ikiwa wima. Anayekikaza kabla ya kusoma huona oili ni nyingi kuliko ilivyo, na anayepima pikipiki ikiwa imelala kwenye stendi ya pembeni husoma uongo vilevile, akaongeza au akapunguza pasipo sababu. Oili ikizidi, injini huitafutia pa kutokea. Cha pili ni bomba la kupumulia, lile la mpira linalotoka kwenye mwili wa injini. Pistoni ya silinda moja ikishuka inasukuma hewa yote iliyo chini yake, na hewa hiyo lazima iwe na njia. Wakati wa kurudisha injini kwenye fremu bomba hili hubanwa kirahisi, au hukunjika chini ya tangi. Ringi mpya nazo zikiwa bado hazijalala vizuri kwenye bloku, moshi wa mwako unapenya kwenda chini na kuongeza presha. Hapo hata gasketi nzuri kuliko zote itatoa jasho, na sili zitaanza kulia. Nyoosha bomba, lipulizie, ndipo uendelee.

## Kukaza tena, au kufungua upya

Gasketi ya karatasi hukandamizika ikipata joto mara ya kwanza na ya pili, na boliti zilizokuwa zimekaza zinabaki na ulegevu. Kwa hiyo baada ya ovahoo, kukaza mara moja ni kazi halali wala si kuficha kosa. Fanya injini ikiwa baridi, boliti za kinyume kwa kinyume, siyo kuzunguka kama unafunga sufuria.

Ila kuna mpaka. Boliti ndogo za makava, za milimita 6, zinataka nguvu ya takriban Nyutonimita 10. Ni sawa na kilo moja inayoning'inia mwisho wa mpini wa mita moja. Kwa spana ya T ni nguvu ya kiwiko tu, bega halihusiki. Meno yake yapo kwenye aluminiamu laini. Ukizidisha, yanang'oka, na sasa una mvujo pamoja na tundu lisiloshika. Halafu kava lenyewe linapinda: linabanwa sana penye boliti na kuinuka katikati ya boliti na boliti, na oili inapita hapo palipoinuka. Ndiyo maana mtu anakaza, inavuja zaidi, anakaza tena.

Ukikaza mara moja na poda ikaonyesha bado inapita, fungua. Ukifungua, tazama jambo ambalo kwa uzoefu wangu ndilo linaloleta mivujo mingi ya baada ya ovahoo kuliko ubovu wa gasketi: urefu wa boliti. Kava la klachi lina boliti za urefu tofauti, na zote zikimwagwa kwenye kopo moja, ile ndefu inaweza kuingia tundu la fupi. Inagota mwisho wa tundu kabla haijalibana kava. Mkononi unasikia imekaza, kumbe imekaza chini, juu hapajabanwa. Dawa yake ni kipande cha boksi: chora umbo la kava, toboa matundu, na kila boliti unayoitoa ichomeke mahali pake kwenye boksi. Natumia boksi hilo hata kwa injini niliyoifungua mara mia.

Tundu lisilotokea upande wa pili likiwa limejaa oili nalo ni hatari. Boliti ikishuka, oili haina pa kwenda, na mwili wa injini unaweza kupasuka. Pulizia matundu yote. Na zile pini mbili ndogo za kulengesha kava zihesabu. Moja ikibaki kwenye beseni la dizeli, kava litakaa upande na hakuna gasketi itakayokusaidia.

## Gasketi ya dukani

Hii ndiyo ninayoichagua nikiwa na uchaguzi, na sababu yangu kubwa ni unene, kuliko hata kuziba kwenyewe. Gasketi ya chini ya bloku inaamua pistoni inafika karibu kiasi gani na hedi. Ikiwa nene, kompresheni inapungua. Ikiwa nyembamba, inapanda, na kwenye injini ya CG inayosukuma vaivu kwa fimbo, nafasi ya tapeti nayo inabadilika. Gasketi ya hedi ndiyo kabisa: inabeba moto wa mwako, haikatwi kwa mkasi wala haipakwi gundi. Hapo sina njia ya pili ya kukulinganishia. Nunua mpya, kila mara hedi inapofunguliwa.

Ubaya wake ni sokoni. Seti zinachanganywa. CG 125 ina kipenyo cha silinda cha milimita 56.5, ya 150 ina 62. Gasketi ya hedi ya moja ukiiweka kwenye nyingine, ama ukingo unaingia ndani ya silinda na kuungua, ama unaacha mwanya. Kwa Boxer, ya BM100 na ya BM150 zimetundikwa msumari mmoja dukani, na muuzaji mwenye haraka anachomoa ya karibu. Nenda na ile ya zamani hata kama imechanika. Zipandanishe, ziinue kwenye mwanga, hesabu matundu moja moja. Karatasi iliyokaa dukani muda mrefu hukauka na kusinyaa kidogo. Ikikataa kufika matundu ya mwisho usiivute, ipanguse kwa kitambaa chenye unyevunyevu, isubiri, itatanuka.

Kuhusu bei, gasketi moja ya kava haifikii bei ya lita ya oili nzuri. Kazi ya kufungua mara ya pili inazidi vyote viwili.

Wengine wanaipaka grisi pande zote. Mimi napaka oili nyembamba upande wa kava tu, ili siku ya kufungua ibaki imeshika upande mmoja nisianze kuikwangua. Pande zote mbili ziwe kavu na safi kwa hedi.

## Gasketi ya kukata

Kuna kijiji ambako duka la spea liko kilomita arobaini, na dereva analala njaa pikipiki ikilala. Hapo kukata ni ustadi wa heshima, na fundi anayejua kukata vizuri simuoni kuwa chini ya anayenunua seti.

Karatasi iwe ya gasketi kweli, ya nusu milimita, inauzwa kwa kipande. Boksi la sabuni au kalenda ya mwaka jana ni ya kukufikisha nyumbani. Boksi lenye mawimbi ndani ndilo baya kabisa, kwa sababu linanyonya oili na kuipitisha kwenye vijishimo vyake kama utambi.

Lilaze kava mezani, uso juu. Tandika karatasi, ishike kwa kidole, ugonge ukingo kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo, taratibu, mpaka karatasi ijikate yenyewe. Kwa matundu ya boliti weka gololi ya beringi juu ya tundu na ugonge mara moja; inatoka duara safi. Boliti mbili zikishakaa, karatasi haitembei tena na mengine yanafuata. Usigonge kwa nguvu, ukingo wa aluminiamu unalala na hapo umetengeneza mvujo mpya. Na usikate karatasi ukiwa umeiweka kwenye injini yenyewe, vipande vinaanguka ndani.

Sasa hatari yake, na hapa nakuomba usome polepole. Kwenye injini nyingi za aina hii, oili ya kwenda kwenye krenki hupita ndani ya kava la klachi. Inatoka kwenye pampu, inavuka gasketi kwa kitundu kidogo, inapita kwenye mfereji wa kava, inaingia kwenye chujio la mzunguko lililo kichwani mwa krenki. Kitundu hicho ni kidogo, na hakina boliti. Anayekata kwa kufuata matundu ya boliti tu anakisahau. Matokeo yake ni gasketi isiyovuja hata tone, mteja anafurahi, na krenki haipati oili. Siku chache baadaye injini inaanza kunoki. Kwa hiyo ukishakata, zungusha kidole kwenye uso mzima wa kava na wa injini, kila shimo unaloligusa liwe na mwenzake kwenye karatasi.

Kwa makava ya pembeni, gasketi ya kukata ikikatwa hivi inakaribiana sana na ya dukani. Chini ya bloku naitumia kwa shida tu, na baada ya kupima unene wa ile ya zamani kwa kalipa. Kwenye hedi, hapana.

## Gundi

Gundi ina jina baya, na sehemu ya lawama hiyo si haki yake. Watengenezaji wakubwa wa Japani wenyewe wanaunganisha nusu mbili za mwili wa injini kwa gundi ya maji bila karatasi, kwenye injini nyingi. Yamabond ni mfano unaojulikana na mafundi. Pale ambapo kiwanda kimechora uso kwa ajili ya gundi, gundi ndiyo sahihi, na ukiweka karatasi utakuwa umezisogeza nusu hizo mbali, shafti zicheze kwenye beringi zake. Gundi pia ni nzuri kwenye raba ya kupitishia nyaya za magneti, na kwenye kona wanapokutana watu watatu, yaani bloku na nusu mbili za mwili.

Matatizo yanaanza inapowekwa mahali pa gasketi, kwa wingi, kwa haraka.

Nilifungua pikipiki moja iliyokuja na mlio wa krenki, wiki tatu tangu ovahoo ya mahali pengine. Nje, maungio yote yalikuwa na ukingo wa gundi ya kijivu, nadhifu, umetokeza kama milimita tatu. Nikamwonyesha dereva: hicho kilichotokeza nje, kingine cha kiasi hichohicho kimetokeza ndani. Nikachomoa wavu wa oili chini ya injini. Ulikuwa umefungwa na nyuzi za kijivu, laini, za mviringo, kama tambi zilizobaki chini ya sufuria. Nikazihesabu mezani mbele yake, zilikuwa kumi na moja. Gundi iliyominywa ndani haina cha kuishikilia. Oili ya moto inaipiga, inakatika, pampu inaivuta. Inayokwama kwenye wavu inapunguza mzunguko. Inayopita inaziba vitundu vya kupandisha oili juu kwenye hedi. Dereva yule alilipia krenki mpya kwa sababu ya mvujo ambao pengine ungeisha kwa gasketi moja ya karatasi.

Kwa hiyo ukiamua gundi, iamue kama kazi na siyo kama kiraka. Chagua isiyo na harufu ya siki. Yenye harufu ya siki ni ya vioo na mabafu, asidi yake inakula metali. Uso uwe umepanguswa kwa tina mpaka kitambaa kirudi cheupe, kwa sababu silikoni haishiki penye oili hata chembe. Paka utando mwembamba, uzi wa milimita moja hadi mbili, upite upande wa ndani wa matundu ya boliti, na usikaribie shimo lolote la oili. Unganisha kabla haijafanya ngozi, yaani ndani ya dakika chache. Kaza taratibu. Kisha subiri saa 24 kabla ya kutia oili na kuwasha.

Hizo saa 24 ndizo zinazoiangusha gundi hapa kwetu. Dereva wa bodaboda ana hesabu ya jioni ya kumpelekea mwenye chombo. Anakuja saa kumi anataka kuondoka saa kumi na mbili. Gundi iliyotiwa oili baada ya saa moja ngozi yake imekauka juu tu, ndani bado ni ugali, na presha inaitoboa. Ukijua hutapata siku nzima, usichague gundi.

Kuna desturi ya kupaka gundi juu ya gasketi ya karatasi "kwa usalama". Iache. Silikoni kabla haijakauka inateleza, na boliti zinapokaza karatasi inaminywa nje kama sabuni mkononi. Nimeshaiona karatasi imetoka nusu upana wake. Na kupaka gundi kwa nje, juu ya mvujo, injini ikiwa imefungwa, ni kuuza siku mbili za utulivu.

## Kama mvujo ni wa sili

Gasketi na gundi hazihusiki mstari wa poda ukiishia kwenye shafti: sproketi ndogo, lever ya gia, kiki. Hapo ni sili, na uchaguzi ni kati ya ya bei rahisi na ya bei ya kati, kwani kugeuza ya zamani au kukata springi yake ili ibane zaidi ni kuongeza msuguano na kuichimba shafti.

Namba zimeandikwa juu yake, mfano 20 x 34 x 7: kipenyo cha ndani, cha nje na unene, kwa milimita. Mpira wa kawaida mweusi unavumilia joto la takriban nyuzi 100 za Selsiasi. Viton inafika 200. Kwa sproketi na gia mpira wa kawaida unatosha, usilipie zaidi. Tofauti ya bei ndogo unayoipata kwenye sili nzuri iko kwenye springi na mdomo: ibonyeze mdomo kwa kidole, uachie, uone kama unarudi sawasawa pande zote. Ile ya ovyo inarudi kwa kusuasua upande mmoja.

Ila sili mpya inayovuja baada ya ovahoo mara nyingi imekatwa siku ileile ya kuwekwa. Shafti ya sproketi ina meno makali kichwani. Sili ikipitishwa juu yake kavu, meno yanauchana mdomo, na mchaniko ule huuoni kwa macho. Funga kichwa cha shafti kwa kipande cha mfuko wa nailoni, paka grisi, telezesha sili juu yake, kisha uvute nailoni. Igonge kwa soketi yenye upana wa sili yenyewe, iingie sawa kwa sawa. Kama shafti imechimbika mahali pa mdomo wa zamani, iache sili milimita moja kabla ya kufika mwisho, mdomo ukae penye chuma kizima.

Na angalia mnyororo. Ukikazwa kupita kiasi unaivuta shafti, beringi inachakaa, shafti inayumba, na sili ya bei yoyote itavuja. Kwenye pikipiki kadhaa kuna oringi nyuma ya bushi ya sproketi. Oili inapita kati ya bushi na shafti, watu wanabadili sili nne na oringi haijaguswa.

Hedi nayo ina mtego wake. Kwenye baadhi ya injini oili hupanda juu kwa kupitia tundu la stadi mojawapo, na nati ya stadi hiyo inakaa juu ya washa ya shaba. Washa hiyo ikihamishiwa stadi nyingine wakati wa kufunga, oili inachuruzika toka kwenye nati, na lawama inakwenda kwa gasketi ya hedi.

## Uso ulioharibika: kioo na msasa, au leithi

Bisibisi ndiyo adui. Kava likigoma kutoka, fundi anachomeka bisibisi katikati na kupekecha, na mkwaruzo wa ukucha unabaki. Karatasi itafunika mikwaruzo midogo. Mkubwa ujaze kwa epoksi ya chuma ile ya mirija miwili, isubiri ikauke, usawazishe.

Kava lililopinda kidogo linyooshe mwenyewe. Tafuta kioo kinene, bandika juu yake msasa namba 320, dondoshea oili, ulisugue kava kwa kuchora umbo la nane, bila kukandamiza, halafu maliza kwa 600. Kila baada ya muda geuza utazame: panapong'aa ndipo palipokuwa juu, palipo na giza ni bonde. Simama pale giza linapokwisha. Ni nusu saa ya kazi kwa fundi mwenye subira, na ndiyo inayofanya gasketi ya kukata ikae kama ya kiwandani.

Hedi ni habari nyingine. Weka rula ya chuma juu yake na uingize bamba jembamba la kupimia mwanya (fila geji) la milimita 0.05. Ikipenya katikati kwa wepesi, ipeleke kwa mwenye leithi akaipitishe. Kwa kioo utapunguza chuma upande mmoja zaidi ya mwingine. Nusu za mwili wa injini nazo usiziguse kwa msasa. Humo zimo beringi zinazotakiwa kukaa kwenye mstari mmoja.

Zipo pia dawa za kumimina kwenye oili zinazoahidi kuzuia mvujo. Kazi yake ni kulainisha mpira wa sili uvimbe. Gasketi iliyokaa vibaya hazioni. Na oili ya pikipiki hizi ndiyo inayooga klachi pia, ndiyo maana inaandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi inayooga oili. Ukiongeza kilainishi kingine unaweza kupata klachi inayoteleza mlimani. Sizitumii.

## Ningechagua hivi

Bodaboda inayofanya kazi kutwa, mjini, duka lipo: gasketi ya dukani kila mahali, sili za bei ya kati, hakuna gundi isipokuwa penye raba ya nyaya na ile kona. Chombo kinalala usiku mmoja, kinakazwa tena kikiwa baridi baada ya kilomita 500 za kwanza.

Kijijini bila duka: kata karatasi ya gasketi kwa makava, nyoosha uso kwa kioo, subiri ya hedi na ya bloku zije na basi. Usiruhusu haraka ikufanye uzibe bloku kwa gundi.

Unayejenga injini yako mwenyewe nyumbani, na muda unao: gundi ya maji kwenye nusu za mwili pale kiwanda kilipoitaka, karatasi ya dukani kwingine. Saa 24 kwako si tatizo, na utando mwembamba utaupata kwa sababu hakuna anayekuharakisha.

Na kuna mvujo ninaomwambia mteja auache. Ni ule unyevu wa vumbi chini ya bloku, usiodondoka, unaoonekana kwa kupitisha kidole. Kuuondoa ni kung'oa hedi na bloku, kuzisumbua ringi zilizoanza kulala, kununua gasketi mbili. Chomoa kijiti cha oili kila asubuhi kabla ya kupiga kiki, pikipiki ikiwa wima. Wiki nzima ikipita na kiwango kikiwa palepale, ipanguse kwa kitambaa na uende kazini. Tutaiziba siku injini itakapofunguliwa kwa sababu nyingine.